Ngata ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipanda gari langu kwa mara ya kwanza pale Muze, bondeni kwenye Ziwa Rukwa, akiwa na kapu la mayai, kiroba cha mchele na jogoo aliyefungwa miguu. Tulipofika Sumbawanga mayai yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kingine, jogoo alikuwa amenyamaza kwa namna ya kutia shaka, na mama mwenyewe aliteremka kwa kutanguliza mguu mmoja, akasimama, akashika kiuno, akalitazama gari kuanzia bampa hadi mkonga. Kisha akasema kwa upole, maana ni mtu mpole:

"Baba, ahsante. Siku nyingine nitapanda lori."

Anayeijua njia ile atamwelewa. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga iko kama 1,800, na katikati umesimama Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa Bonde la Ufa. Unaondoka bondeni umevua koti, unafika Ntendo kule juu unatafuta la pili. Magari yakipita, udongo ulikuwa ukijikunja kama bati, tuta kwa tuta, na kila tuta lilikuwa likimfikia mama mkwe bila kupungua hata kidogo.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mwaka 1994, ile ya mkonga, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, injini isiyokufa na isiyo na haraka. Nililinunua mnadani. Abiria wa nyuma hukaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, kwa hiyo shimo likija kila mmoja anamwona mwenzake linavyompata. Springi za nyuma ni za majani, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati zinazopungua ukubwa. Waliolimiliki kabla yangu walikuwa wakibebea mapipa ya dizeli, na kwa busara yao waliongeza jani moja nene chini kabisa. Springi iliyozoea tani nzima haijui kwamba mama wa kilo sitini amepanda. Ikikutana na shimo haipindi. Inamrusha yeye.

Hayo nayasema leo. Wakati ule nilidhani tatizo ni benchi. Nikanunua godoro la sponji, nikalikata, nikalishona. Mke wangu alilijaribu hadi Laela na kurudi, tena kwenye lami ya barabara ya Tunduma, akaniambia kwamba sasa anarushwa juu zaidi, ila anatua vizuri.

Nikahamia kwenye shokapu. Muuzaji wa spea aliniuliza nataka za kawaida au za kazi nzito. Muulize mwanaume yeyote wa Ufipa swali hilo kuhusu kitu chochote, uone atajibu nini. Nikachukua za kazi nzito, nikafunga, na gari likawa gumu kuliko lilivyokuwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba shokapu haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Kwa springi ambayo haikuwa imeanza kucheza, nilikuwa nimemwajiri askari wa kulinda maiti.

Hapo ndipo nilipompata fundi. Sitamtaja jina, kwa sababu mke wake tunasali jumuiya moja. Alilala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka na uamuzi: majani yamezidi, tuyatoe mawili kila upande. Nikamuuliza kama hakuna hatari. Akasimama wima.

"Mzee, babu zangu waliyeyusha chuma kwenye malungu, bila mvukuto. Leo nifundishwe springi?"

Hoja hiyo haina jibu. Malungu ni kweli yalikuwepo. Hadi leo mabaki yake unayaona huku na huko Ufipa, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini. Mimi ukoo wangu haukuyeyusha hata nta. Nikanyamaza. Wanaojua Kifipa watakuambia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, ni amri: tupa uchawi. Fundi wangu akatupa majani manne.

Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme. Gari lilielea. Nilitafuta mashimo makusudi. Nilimpeleka jirani sokoni ambako hakuwa na shida ya kwenda. Kisha mahindi yakawa tayari, nikapakia magunia manane ya kilo mia shambani, na nyuma ya gari ikashuka kama ng'ombe anayelala. Ekseli ilikaa juu ya zile raba za kuzuia chuma kisigonge chuma, na kutoka hapo sikuwa na springi tena, nilikuwa na nyundo. Jua lilipozama niliwasha taa, zikamulika juu ya miti. Bundi mmoja aliniona vizuri sana. Barabara sikuiona. Nilifika nyumbani saa nne usiku, na kesho yake fundi akarudisha majani yote manne bila kuwataja babu zake.

Mwezi uliofuata kulikuwa na kipaimara cha binti yetu, na bibi yake alipaswa kuwepo. Lori halikupatikana. Nilipofika Muze kumchukua alikuwa amejitayarisha: akatoa kanga, akaizungusha, akaikaza, akapata ngata nzuri ya mviringo, ile ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla ya ndoo ya maji. Akaitandika kwenye benchi. Akaikalia. Hakusema neno.

Tusi ningelijibu. Ngata nitaijibu nini?

Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa na dawa mpya. Nilikuwa nimegundua mwenyewe, bila fundi, kwamba gari likibeba mzigo kidogo linatulia. Na ni kweli kabisa: uzito unaikandamiza springi mpaka inaanza kupinda, na mrusho unapungua ukali. Lakini mzigo gani wa kutembea nao kila siku? Mahindi yanaliwa, mbolea inanuka. Kwa hiyo nilijaza mchanga wa mtoni kwenye magunia mawili, kama kilo 150 kwa pamoja, nikayalaza nyuma, nikashona midomo vizuri. Kwa nje yalikuwa mahindi.

Ulikuwa mwaka 2017. Kwenye kizuizi kimoja cha mazao kamba ilikuwa juu, na kijana mmoja akaja dirishani akachungulia magunia. Nilikuwa nimejiandaa. Mwaka ule serikali ilikuwa imeamua kwamba anayesafirisha mazao yasiyofika tani moja asitozwe ushuru, na mimi hotuba hiyo nilikuwa nimeikariri kama sala.

"Mzigo gani, mzee?"

Kinywa changu, ambacho hakijawahi kunisaidia, kikasema ukweli.

"Mchanga."

"Mchanga wa nini?"

"Wa kulainisha gari."

Alinitazama kwa muda. Msomaji kumbuka, ilikuwa ni miezi michache tu tangu makontena 277 ya mchanga wa dhahabu yazuiwe bandarini Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa imejifunza neno makinikia. Watoto walilitumia wakicheza. Na hapa, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mzee mmoja ameshonea mchanga kwenye magunia ya mahindi, amemkalisha bibi kizee kando yake kama kinga. Kijana alimwita mwenzake. Mwenzake akaja na kisu. Wakatoboa, wakamimina kidogo kiganjani, wakauelekeza juani, wakaunusa. Mmoja, naapa, aliuonja.

"Unang'aa," alisema.

"Ni mto," nilisema. "Mchanga wote wa mto unang'aa."

"Hapo ndipo dhahabu inapotoka, mtoni."

Nikaanza kueleza habari ya springi: jani nene, mapipa ya dizeli, kilo sitini. Nikasema kwamba hata Toyota wenyewe walipolifanyia marekebisho gari hili mwaka 1999 walirefusha majani ya nyuma, maana jani refu hupinda kwa hiari kuliko fupi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi aliyesoma. Hatimaye sauti ikatoka nyuma, ya upole kama kawaida.

"Wanangu, huyu ni mkwe wangu. Si mwizi. Ni mjinga wa magari tu."

Wakaitazama ngata aliyoikalia. Wakaelewa. Wakaniruhusu kupita, magunia yakabaki kwa uchunguzi, na kilometa zote zilizobaki mama mkwe alirushwa kama zamani.

Aliyeniponya alikuwa kijana wa pancha, hapo hapo mjini. Nilipata msumari, akalifungua tairi, na kabla hajalizamisha kwenye karai la maji akayapima yale matatu yaliyobaki, kwa mazoea tu.

"Mzee, gari hili linabeba nini?"

"Halibebi kitu. Kwa nini?"

"Upepo 65."

Nikakumbuka. Kila nilipofika kwenye pampu nilikuwa nasema "jaza vizuri", kwa imani yangu ya kale kwamba tairi gumu linakula mafuta kidogo. Springi ya kwanza ya gari ni tairi, na mimi nilikuwa nimeigeuza jiwe kwa mkono wangu, kisha nikazunguka na godoro. Akashusha mpaka 35 magurudumu yote, akanionya nirudishe juu siku nikipakia mahindi, la sivyo tairi litachemka. Akadai shilingi elfu mbili, na hizo zilikuwa za pancha. Upepo alinitolea bure.

Mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa amekaa pale akila mihogo, alinyanyuka akachungulia chini ya gari bila kuombwa. Akauliza fundi wangu aliporudisha majani alikaza zile nati za ncha za springi gari likiwa wapi, chini au juu ya jeki. Juu ya jeki, nikasema. Akatikisa kichwa. Bushi ni raba, akasema. Ukikaza hewani, gari likishuka raba inabaki imejisokota, na springi inagoma kutembea. Nati zilegezwe, gari lisimame kwa miguu yake, watu walitikise, ndipo zikazwe. Na lile jani nene la chini, hilo moja tu, litoke. Majani mengine tuliyasugua kutu kwa brashi na dizeli, tukayapaka grisi kwenye ncha yanaposuguana, maana kutu ilikuwa imeyagandisha yote yakawa kama chuma kimoja. Kazi ya asubuhi moja. Zile shokapu za kazi nzito nilimuuzia mtu wa Namanyere anayebeba magendo ya... anayebeba samaki.

Desemba nikaenda tena Muze. Mama mkwe alitoka na kapu la mayai thelathini, jogoo mwingine, na ngata. Akaitandika, akaikalia. Tulipomaliza kona za Lyamba lya Mfipa nilisikia akijisogeza. Nikatazama kwenye kioo: alikuwa ameichomoa ngata, akaiweka sakafuni, akaketisha kapu la mayai juu yake.

Kizuizini wale vijana walikuwepo. Mzigo gani? Mayai. Wakachungulia, wakayahesabu kwa macho, wakashusha kamba. Nyumbani yalifika ishirini na tisa.

Magunia yangu mawili bado yako pale pale, pembeni ya kibanda, na wanayakalia kwa zamu. Wanasema yanakalika.