C. K. wa Gredi ya Nne

Kila Januari wazazi huletewa karatasi ya ushauri kutoka shuleni. Mtoto atengewe mahali pa kusomea, begi lipangwe usiku, sare ya akiba ikae kabatini ikiwa kavu. Ni ushauri mzuri, ila aliyeuandika nahisi anaishi mahali jua linakausha nguo.

Sisi tuko Litein, Kericho, katikati ya majani chai. Asubuhi huku jua huwaka vizuri, mgeni akadhani amepata pa kuanika. Mchana upepo hupanda kutoka Ziwa Viktoria, unakutana na ule wa mashariki juu ya vilima vyetu, na kufikia saa tisa maji yanamwagika. Siku nyingine ni mawe kabisa, kwani Kericho na Nandi zinatajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Chai inapenda mvua hiyo, ndiyo maana tunachuma mwaka mzima. Lakini watoto nao hutoka darasani mvua ikiwa ndiyo kwanza imepamba moto.

Kwa hiyo sare yetu ya akiba haikai kabatini. Inaning'inia kwenye kamba jikoni, juu ya moto wa vijiti vya chai iliyopogolewa. Mwalimu mzoefu akipita kati ya madawati anajua kwa pua nani kwao wanapikia chai na nani kwao wanapikia mkaratusi.

Begi ni hadithi nyingine. Begi la watoto likianza kuvuja, mzazi wa huku anajibu kwa maneno mawili: bonasi ikitoka. Bonasi ya majani chai hutoka Oktoba, muhula wa tatu ukielekea ukingoni. Ndiyo maana watoto wetu hupendeza zaidi Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Kabla ya hapo vitabu hujikinga vyenyewe. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi Kipng'etich wangu alikata gunia la mbolea akafungia daftari la hesabu, maandishi yakaja juu: NPK 26-5-5. Mwalimu alimwuliza hesabu hiyo ni ya ukurasa gani.

Lakini balaa lenyewe ni sweta. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto asiye na sweta hasomi, anatetemeka tu. Karatasi ya ushauri inasema tuandike jina kwenye kola. Tukashona jina la binti yetu kwa uzi wa njano: CHEBET. Sasa, Mkipsigis humpa mtoto jina kwa wakati aliozaliwa. Chepkoech ni wa alfajiri, Chebet wa mchana, Chelangat wa jioni, Chepkemoi wa usiku. Saa za siku ni chache na watoto ni wengi. Boksi la vitu vilivyopotea pale shuleni lina sweta za Chebet za kutosha kuvalisha timu ya voliboli na wachezaji wa akiba.

Baba yao akaja na suluhisho la kisomi: tuongeze herufi ya ubini, iwe C. K. Nikamwomba anitajie ubini wa wasichana wa darasa la Chebet. Akaanza: Koech, Kirui, Korir, Koskei, Kemei. Kufikia Kosgei akanyamaza, akaenda kuangalia ng'ombe. C. K. tukaishona hivyo hivyo.

Na usidhani jioni ina nafuu. Sisi wa 8-4-4 tulibeba daftari na fimbo ya mwalimu tuliyotumwa kukata wenyewe. Hawa wa mtaala wa umilisi wanabeba malighafi. Saa tatu kasoro usiku simu inalia kwenye kundi la wazazi: kesho kila mwanafunzi alete manyoya ya ndege, mbegu za aina tofauti na karatasi ya manila.

"Mama, mwalimu alituambia tangu Jumatatu," Chebet akasema.

"Na leo ni siku gani?"

"Alhamisi. Lakini nilikuwa nakumbuka."

Duka la karibu limefungwa. Kogo yao, yaani bibi yao, aliyekuwa ameshavua viatu, akavaa gambuti, akachukua tochi, akaenda kwenye banda la kuku. Tulisikia jogoo akilalamika kwa lugha isiyofaa watoto. Kogo akarudi na manyoya, na mkwaruzo mkononi.

"Sisi tulikuwa tunapeleka mtoto shuleni," akasema. "Nyinyi mnapeleka boma zima."

Ni yeye pia aliyetupatia mpango pekee uliofanya kazi. Nyumbani kwetu kila kitu hupotea, ila risiti za kituo cha kununulia majani. Hizo hutungwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kilo za kila siku, na mtu akizigusa tu anaulizwa. Kogo akaamuru barua zote za shule zitungwe papo hapo. Tangu wakati huo hatujapoteza hata moja. Kuna asubuhi Kipng'etich alichomoa karatasi bila kuangalia akampelekea mwalimu risiti ya kilo 23, ikarudi ina alama ya vema na sahihi ya mwalimu. Hayo ni madogo. Weka msumari nyuma ya mlango, uachane na ratiba za rangirangi.

Sweta ndiyo bado. Kama unaishi kati ya Kapkatet na Mogogosiek, na mwanao wa gredi ya nne amerudi na sweta ya buluu yenye C. K. ya uzi wa njano, iliyotoboka kiwiko cha kushoto, hiyo ni yetu. Tafadhali mpe airudishe. Ya kwenu tunayo, tumeifua, na imekauka kwa kiwango cha Kericho.