Fundi Aliyetangulia

Fundi yeyote wa Tanga, awe wa redio au wa bomba, kabla hajashika bisibisi atauliza kwanza: "Nani alikufanyia kazi hii?" Atatikisa kichwa, atasonya, ndipo ataje bei. Tabia hiyo nimehama nayo hadi Minnesota, ambako kila Novemba watu huingia porini kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Nami, kwa kuogopa kuonekana mgeni, nikanunua bunduki kuukuu, Remington 700.

Risasi zikawa zinatawanyika. Yadi 100 tu, tundu moja huku, jingine kule, kama kuku waliofunguliwa banda. Nikaitoa kwenye kitako chake cha mbao. Mbao hunywa unyevu, huvimba, husukuma chuma; ndiyo maana mtu alikwishamimina humo gundi ya epoksi, chuma kikae bila kucheza. Lakini gundi yenyewe! Ukoko wa ugali una adabu zaidi. Imejaa mapovu, na pembeni alama za patasi utadhani panya kaguguna. "Nani alifanya hii?" nikasonya, peke yangu gereji.

Nikakwangua yote. Chuma nikakipaka kiwi ya viatu mara tatu, gundi mpya isikishike. Lile jino la chini linalopokea teke la bunduki nikalizungushia utepe mbele na ubavuni. Nyuma nikaacha wazi, maana ndiko linakoegemea. Matundu ya chuma nikayaziba kwa udongo wa kuchezea wa mwanangu. Yote, isipokuwa kijitundu kimoja cha pini.

Nikamimina gundi mpya, nikakirudisha chuma kitakoni. Saa 24 baadaye nikakivuta. Wapi! Nikabana kitako kwa magoti, nikavuta hadi nikaona nyota. Epoksi ilikuwa imejipenyeza kwenye kile kijitundu na kukaukia humo.

Wajuzi husema tia kwenye friza, baridi itasinyaza chuma. Friza yetu, ile ya kufungulia juu, ni mali ya mama watoto. Nikasogeza kisamvu, nikailaza bunduki mshazari, tupu, bolti nimeitoa, kati ya nusu mbuzi na sambusa za arusi. Kumwambia mwenyewe nikasahau.

Jioni nikasikia kifuniko kinafunguliwa. Kimya kirefu.

"Baba Salma."

"Naam."

"Huyu mbuzi wamempigia humu humu?"

Chuma kilitoka usiku, kwa nyundo ya mpira na, basi niseme tu, patasi. Gundi ilikuwa laini kama kioo, hata mikwaruzo ya chuma imejichora humo. Isipokuwa pale kwenye kijitundu. Siku hizi matundu yangu matatu ya risasi yanafunikwa na kizibo cha soda.

Jirani yangu, mzee anayewinda tangu utotoni, alikuja kuiona. Akaifungua, akavaa miwani, akakodolea macho ile pembe iliyogugunwa. Akatikisa kichwa.

"Nani alikufanyia hii?"

"Aliyeniuzia," nikasema.