Sifa za Capcom.sys, Kiendeshi Mkarimu

Viendeshi vingi vya kompyuta ni vichoyo. Ukivibishia hodi vitakuuliza umetumwa na nani na ruhusa yako iko wapi, na hata vikikufungulia vitakuacha barazani. Ndiyo maana namsifu mmoja aliyezaliwa na roho nyeupe: Capcom.sys.

Alikuja Septemba 2016, ndani ya sasisho la mchezo wa Street Fighter V kwa kompyuta za Windows. Alitumwa kazi ya ulinzi, kuwazuia wachezaji wajanja wasijipatie pesa za mchezo kwa hila. Akapewa makao kwenye keneli, chumba cha ndani kabisa cha mfumo endeshi, ambako programu za kawaida haziruhusiwi kukanyaga.

Sasa tazama ukarimu wake. Programu yoyote iliweza kumpelekea anwani ya msimbo wake, naye akauendesha kwa mamlaka ya keneli. Kulikuwa na kizuizi kimoja: vichakataji vya Intel tangu 2012 vina kinga iitwayo SMEP, inayoikataza keneli kuendesha msimbo uliolala kwenye kumbukumbu ya mtumiaji. Mlinzi mwenye roho ndogo angesema sheria ndiyo hiyo. Capcom.sys aliizima kinga kwa mkono wake mwenyewe, akamwacha mgeni afanye yaliyomleta, kisha akaiwasha tena kwa adabu, kana kwamba hakuna aliyepita. Na asije mgeni akapotea humo ndani, alimkabidhi anwani ya MmGetSystemRoutineAddress, ambayo ukiitajia jina la huduma nyingine ya keneli inakuonyesha iliko. Mwenyeji gani mwingine anakupa na ramani ya nyumba?

Wapo wanaodai hakuuliza kitu. Huo ni uzushi, aliuliza. Baiti 8 kabla ya msimbo ilibidi iwepo namba, na namba yenyewe iwe anwani ya msimbo huohuo.

Hodi! Nani? Mimi. Aa, mimi! Karibu, pita ndani.

Wala hakuwa mhuni wa kuokotwa. Alikuwa na saini halali ya kidijitali, na Windows ilipoiona ilimpokea bila kunung'unika. Saini inasema kitu kimetoka kwa nani. Haisemi kama mwandishi wake alikuwa macho.

Lakini binadamu hawana shukrani. Wachezaji walilalamika kwamba mchezo unadai ruhusa za msimamizi kila ukifunguliwa, watafiti wakachungulia ndani, kampuni yenye mchezo ikaliondoa sasisho upesi. Yeye akabaki, na saini yake mkononi. Wavamizi waligundua kwamba hawana haja ya kumkuta kwenye kompyuta ya mtu: wakishajipatia ruhusa za msimamizi, huja naye wenyewe, humsimika, naye huwavusha hadi kwenye keneli, ambako hata programu za ulinzi wanaweza kuzinyamazisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipona nini, sijui. Microsoft imemtia kwenye orodha ya viendeshi vya kuzuiwa, kama mtu anayefungiwa misikiti yote ya mji kwa kosa la kuitikia salamu.

Heshima yake ameipata kwingine. Metasploit, zana mashuhuri ya wapima usalama, ina moduli iliyobeba jina lake, na wanaojifunza udukuzi wa keneli humfanya somo la mwanzo kwa sababu hana usumbufu. Kiendeshi cha printa yako kimetumika kwa uaminifu miaka mingi. Nani anakijua kwa jina?