Sifa za Foleni

Wanaodai kwamba Desemba ile tulitupa hela hawajui raha. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, nasi tulizimaliza kwa basi, watu sita, ili watoto wakateleze kwenye bustani ya michezo ya maji.

Kwetu maji yapo, sikatai. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Kasoro yake ni kwamba ukifika, unayaona papo hapo. Sasa hiyo nayo ni starehe?

Kule mjini mambo yana heshima. Getini tulipekuliwa chapati kama wasafirisha magendo. Foleni ya mtelezo ilikuwa saa mbili na nusu. Mtelezo wenyewe, sekunde nane. Binti yangu alipimwa kimo, akaambiwa bado mfupi. Nikamtuliza: panga tu foleni, mama, tukifika mbele utakuwa umeshakua.

Na usalama! Bwawani watu walisimama bega kwa bega kama mahindi ghalani. Hata aliyetaka kuzama hakuwa na pa kuzamia. Chipsi na soda viliuzwa kwa bei ya debe la mahindi, nikafarijika kwamba mkulima wa kwetu Laela hatimaye amepata kipimo cha jasho lake.

Tuliporudi, bibi yao aliuliza wameona nini. Mdogo akamjibu: "Mgongo wa babu mmoja mwenye fulana ya kijani."

Nauli ya Pasaka nimeshaanza kuidunduliza.