Nusu ya Duara

Lahajedwali, yaani programu ya kompyuta inayougawa ukurasa katika safu wima na safu mlalo ambazo makutano yake huitwa seli, imekuwa daftari jipya la makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, na katika yote inayoyaahidi hakuna linalovutia, wala linaloaibisha, kama uchoraji wa grafu. Katika Excel, mtumiaji huchagua seli anazozitaka, akabonyeza kitufe cha F11, na grafu ya nguzo husimama mbele yake kabla hajajiuliza alikusudia kuonyesha nini. Wepesi huo ndio mzizi wa madhila yanayojadiliwa hapa, ambayo yote yalimfika katibu mmoja ambaye mwandishi wa insha hii anamfahamu kwa ukaribu usio na faraja, kwa kuwa wawili hao hutumia miwani moja.

Dhila la kwanza lilihusu miaka. Katibu aliandika 2021 hadi 2024 katika safu ya kwanza, akaandika katika safu ya pili idadi ya wanachama, iliyopanda kutoka 25 hadi 38, na juu ya kila safu akaweka kichwa chake kwa unadhifu wa mtu aliyesoma enzi za rula na penseli. Programu, hata hivyo, haijui kwamba 2021 ni mwaka. Kwake hiyo ni namba, na namba huchorwa, hivyo yakachomoza maghorofa manne ya kimo kilekile, na ubavuni mwa kila moja kitu mfano wa unyasi, ambacho baada ya miwani kufutwa kilitambulika kuwa ndicho kikundi kizima, mwenyekiti akiwemo. Tiba yake ni ndogo kiasi cha kutia hasira: seli ya pembeni yenye neno “Mwaka” ikiachwa tupu, programu huichukua miaka iliyo chini yake kuwa lebo, yaani majina ya kuandikwa chini ya nguzo, si kiasi cha kupimwa. Katibu aliigundua tiba hiyo siku ya tatu, alipoifuta seli hiyo kwa bahati mbaya.

La pili ni la Afrika Mashariki hasa. Mtu aliyezoea kuandika 20,000/= hawezi kuiacha namba ya fedha ikitembea bila mkia wake, lakini programu iuonapo mkia huo hukata shauri kwamba hayo ni matini, yaani maneno, na maneno hayana kimo. Grafu ya michango ikatoka na mihimili yake, yaani mistari ya kupimia, pamoja na majina ya miezi yote 12, na katikati uwanja mtupu, kana kwamba kikundi hakijawahi kuchanga hata thumni. Dalili ilikuwa wazi tangu mwanzo, maana ndani ya seli namba huegemea kulia na matini hubaki kushoto, ila katibu alidhani ni mapambo.

Mskoti William Playfair, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa grafu za takwimu, alitumia nguzo katika kitabu chake cha mwaka 1786 kwa sababu ya uhaba: takwimu za biashara ya Scotland alizokuwa nazo zilikuwa za mwaka mmoja tu, hivyo hazikutosha kuchorea mstari. Alichora kwa mkono, na kwa hiyo hakuna namba iliyopita bila kutazamwa. Grafu ya duara aliitoa mwaka 1801, na hiyo ndiyo iliyomponza katibu.

Kwa mkutano mkuu aliazimia kuonyesha mikopo kwa jina la kila mkopaji, akachagua seli kuanzia mkopaji wa kwanza hadi mstari wa mwisho kabisa, ambao ni wa jumla, kisha akatumia jioni nzima kulilaza duara, kulitia kivuli na kulipaka rangi tisa, ambazo steshenari ilizichapa zote kwa kijivu, kwa kuwa wino wa rangi haukuwa kwenye bajeti. Jumla ikiwekwa pamoja na sehemu zake hula nusu kamili ya duara, bila kuzidi wala kupungua, na katika karatasi ile hafifu herufi moja ya neno hilo ilikuwa imefifia. Mzee mmoja aliisoma kwa utulivu, akauliza ni kikao kipi kilichompa Juma nusu ya fedha za kikundi; na mwanachama pekee mwenye jina hilo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na ambaye hakuwa amekopa kitu, akasimama na kuanza kuomba radhi.