Masaibu ya Fyuzi ya Mia Mbili Hamsini

Miongoni mwa vifaa vyote vya umeme vinavyoingia katika nyumba za Dar es Salaam na Nairobi, fyuzi ndiyo pekee inayonunuliwa kwa matumaini kwamba itakufa kwa wakati unaofaa, na huenda ndiyo sababu watu wanaobonyeza nyanya moja moja sokoni huichukua fyuzi bila hata kuigeuza. Fyuzi ni waya mwembamba uliofungiwa ndani ya mrija mfupi wa kioo au kauri wenye vifuniko vya chuma kwenye ncha zake, na waya huo huyeyuka mkondo wa umeme unapozidi kiasi, ili umeme ukatike kabla haujaunguza kitu cha bei kubwa zaidi.

Aina inayoleta visa vingi ni ile ya kukatika polepole, ambayo hutumiwa katika redio, amplifaya na vifaa vingine vyenye transfoma, yaani kile chuma kizito kilichozungushiwa nyaya ili kupunguza volti za ukutani. Transfoma inapowashwa huweza kuvuta, kwa muda mfupi mno, mkondo ulio mara kumi au zaidi ya ule wa kawaida, na kama ingewekewa fyuzi ya haraka, mwenye redio angelazimika kununua nyingine kila anapotaka kusikiliza taarifa ya habari. Ndiyo maana kwenye kifuniko cha fyuzi hii huchongwa herufi T, iliyorithiwa kutoka Kijerumani, ingawa wapo wazalendo wanaoamini kuwa ni ya Tanzania.

Hata hivyo, anayeidharau kwa sababu ya upole wake hajaisoma vizuri. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60127, fyuzi ya kawaida ya T inayopitishiwa mkondo wa mara 2.1 ya kipimo chake hupewa dakika 2 tu iwe imekwisha kukatika, ilhali ndugu yake wa F, yaani ya haraka, aweza kuubeba mzigo huohuo hadi dakika 30. Ni pale mkondo unapofikia mara 10 ndipo F hutakiwa kufa ndani ya milisekunde 20, na T ikaruhusiwa kuvuta pumzi kidogo kwanza.

Msiba wenyewe huanzia dukani. Kwenye kifuniko cha fyuzi ya redio huandikwa T250mAL250V, yaani miliampea 250 za mkondo na volti 250, kwa herufi ndogo zinazohitaji macho ya mjukuu, na mteja akifika Kariakoo au Luthuli Avenue huomba “fyuzi ya mia mbili hamsini, ya kioo.” Karibu fyuzi zote za kioo za milimita 5 kwa 20 zina 250 mahali fulani, kwa kuwa hiyo ya pili ni idadi ya volti ambazo fyuzi inaweza kuzikata kwa usalama, wala haihusiani na mkondo. Muuzaji, anayeisoma namba hiyo kwa imani ileile, humkabidhi fyuzi ya ampea 5, na wawili hao huagana kwa shukrani, kila mmoja akiwa amejionea 250 kwa macho yake.

Redio ya wati 20 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban miliampea 87, yaani sehemu 87 kati ya elfu moja za ampea, lakini ampea 5 kwa volti hizo ni wati 1,150, kwa hiyo redio imepewa ruhusa ya kula umeme wa pasi. Katika mpango huo transfoma ndiyo inayoilinda fyuzi, na huifanya kazi hiyo kwa uaminifu hadi nyumba nzima inanukia vanishi iliyoungua. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi haisaidii, kwa kuwa iliwekwa kuulinda waya unaotoka ukutani. Kuhusu karatasi ya pakiti ya sigara, ambayo wengine huiweka mahali pa fyuzi, itoshe kusema kwamba haina kipimo chochote.

Upo pia mkasa wa kinyume, ambapo fyuzi nzima huhukumiwa kifo. Baadhi ya fyuzi za T huwa na springi au waya uliosokotwa, na mwenye haraka huiona kuwa imeharibika. Tena fyuzi ya mkondo mdogo, kwa mfano ya miliampea 50, ina waya mwembamba mno, hivyo mita ya fundi husoma omu kadhaa badala ya sifuri, na fyuzi isiyo na kosa hutupwa nje. Amplifaya iliyotumwa na shangazi aliyeko Marekani huongeza utata, kwa kuwa fyuzi za huko hutakiwa kukatika ndani ya saa moja kwa asilimia 135 ya kipimo, wakati zile za IEC mara nyingi hutakiwa kuistahimili hata asilimia 150 kwa muda huohuo, ijapokuwa namba iliyochongwa ni moja.

Kabla ya kununua nyingine, inafaa kuitazama maiti. Waya uliokatika katikati huku kioo kikiwa safi huashiria mzigo uliozidi kidogo, lakini kioo kilichotapakaa weusi au rangi ya fedha huonyesha kwamba ndani ya kifaa kuna shoti, na fyuzi ya pili itaifuata ya kwanza kabla mwenye kifaa hajaondoa kidole kwenye swichi. Muuzaji mzoefu huitambua fyuzi ya namna hiyo kwa mbali, na ndipo anapomshauri mteja wake, kwa upole mwingi, achukue pakiti ya kumi.