Shikamoo, Shimo la Barabarani

Mnazi umeshasifiwa, jahazi limeshasifiwa, hata wali wa nazi umepata beti zake. Shimo la barabarani la Uingereza, pamoja na utumishi wake wote, halijatungiwa hata kibwagizo. Dhuluma hiyo naiondoa leo. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani katika mji mdogo wa katikati ya England. Kazi yangu ni kuendesha kigari kutoka mlango wa mzee mmoja hadi wa mwingine tangu alfajiri, na hakuna mkazi wa nchi hii ninayekutana naye mara nyingi kama Mheshimiwa Shimo. Tairi zangu zinamjua. Springi zangu zinamjua. Fundi wangu wa gereji, Mungu amzidishie, anamwombea maisha marefu.

Tuanze na nasaba, maana Waingereza hawakupi heshima yako kamili mpaka wajue umezaliwa wapi. Shimo ni mtoto wa Maji na Baridi. Mvua hunyesha, maji hujipenyeza kwenye ufa mwembamba wa lami, usiku yakaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Asubuhi barafu huyeyuka, chini hubaki uwazi, lori la supamaketi likapita juu yake, na mtoto kazaliwa. Hakuombewa bajeti, hakuitishiwa zabuni, hakusubiri kibali cha mipango miji. Katika nchi ambayo reli ya mwendokasi hujengwa miaka na miaka isifike popote, huyu ndiye mradi pekee wa miundombinu unaokamilika kabla ya wakati.

Ana subira. Ana staha: mvua ikinyesha hujifunika maji asionekane. Huwaamsha madereva wanaosinzia, hupunguza mwendo wa magari bila polisi wala kamera, na hulisha familia za mafundi. Hayo nayataja kwa kupita tu, kwa sababu mtu yeyote mwenye gari anayajua.

Fadhila yake kuu, ile nitakayomtetea kwayo hata mbele ya Mfalme Charles, ni kwamba anawafanya Waingereza wazungumze.

Msomaji ambaye hajaishi huku atadhani natia chumvi. Mwingereza anaweza kukaa kwenye treni saa mbili, goti kwa goti na mwenzake, asitoe hata salamu. Si kiburi, ni tahadhari. Akifungua mdomo tu, matamshi yake yanamtangaza: shule aliyosoma, mji aliotoka, kama babake alivaa tai au ovaroli, na chakula cha jioni nyumbani kwao kiliitwaje. Mwenzake naye akijibu, ameshapimwa. Kwa hiyo wote wawili wanaona heri wanyamaze. Hali ya hewa ni mada salama lakini haina nyama: "Baridi leo." "Baridi kweli." Mmemaliza, na bado vituo vinane. Mshahara ni aibu kuutaja, dini ni faragha, na Brexit tangu 2016 imevunja meza nyingi za Krismasi. Sasa watu hawa wataongea nini, jamani?

Hapo ndipo Mheshimiwa anapoingia. Nimewaona kwa macho yangu, nje ya duka la magazeti: mstaafu mwenye viatu vinavyong'aa, kijana wa kujenga majukwaa ya mafundi mwenye mikono iliyojaa chale, na mama mmoja anayefuga farasi, wa aina ile ambayo sauti yake husikika toka ng'ambo ya kijiji. Watu watatu ambao wasingekaa benchi moja hata hospitalini. Walikuwa wamesimama wakibishana kwa furaha, kila mmoja akilitetea la mtaani kwake kuwa ndilo refu zaidi. Mama wa farasi alishinda. Lake lilikuwa na bata.

Shimo hajui matamshi. Humpasulia tairi bwana aliyerithi mashamba, kisha humpasulia kijana anayepeleka piza. Machi 2022 mwimbaji Rod Stewart, ambaye Malkia alishampa cheo cha kuitwa Sir, alionekana kwenye video akiwa na koleo, akijaza kokoto mashimo ya barabara ya karibu na nyumbani kwake Essex, kwa sababu Ferrari yake haikuweza kupita. Vyama vya wafanyakazi vimehangaika zaidi ya karne moja visiweze kumshikisha tajiri koleo. Shimo alimshikisha, na bila mgomo.

Ukongwe pia anao. Januari 1967 gazeti la Daily Mail liliripoti kwamba Blackburn, mji wa Lancashire, ulikuwa na mashimo 4,000 barabarani, na kwamba kwa hesabu ya halmashauri kila mkazi alikuwa na sehemu moja ya ishirini na sita ya shimo. John Lennon akaisoma habari hiyo, na mashimo ya Blackburn yakaingia kwenye wimbo wa Beatles, "A Day in the Life", ambao dunia nzima inaujua. Mimi hapo navutiwa zaidi na ile hesabu. Karani fulani alikaa mezani, akachukua idadi ya watu, akaigawa, na badala ya kuagiza lami akatangaza mgawo. Naona alikuwa na hekima. Mhamiaji anayetaka kukaa nchi hii moja kwa moja hufanya mtihani wa maswali 24 juu ya maisha ya Uingereza, na kitabu chake cha kujisomea kina habari za wake sita wa Henry VIII. Wake hao sijawahi kuwahitaji. Ninachohitaji kila siku ni kujua namna ya kulikwepa shimo la kushoto huku basi linakuja kulia. Ningekuwa waziri, ningempa kila anayefaulu cheti chake pamoja na sehemu yake ya shimo, imepimwa na kuandikishwa, aweze kuwarithisha wanawe. Jirani yangu, aliyekuwa akinitikisia kichwa tu miaka yote, alivuka barabara siku tairi langu lilipopasuka. Alinisimulia mashimo yake, na ya marehemu mkewe. Tukanywa chai. Toka hapo mimi ni mtu wa mtaa.

Nisisahau mchango wake katika demokrasia. Kila majira ya kuchipua, uchaguzi wa Mei ukikaribia, tundu la barua la mlango wangu humwaga karatasi za wagombea udiwani, na kwenye kila karatasi yumo yeye. Mgombea amechuchumaa kando yake, amemwelekezea kidole, uso umekunjwa kama wa mfiwa. Liberal Democrats ndio mabingwa wa pozi hilo, lakini Labour, Conservative na Greens nao wanalijua vizuri. Wahenga wetu walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku wamegundua kwamba usipoziba ufa utapata picha, na mwakani utapata nyingine pale pale.

Wakubwa wamepanda dau. Machi 2025, Nigel Farage alifungua kampeni ya chama chake cha Reform mjini Birmingham kwa kuingia ukumbini juu ya mtambo wa JCB wa kuziba mashimo. Watu walishangilia. Miezi miwili baadaye chama chake kilikuwa kinaongoza halmashauri kadhaa za England. Kabla yake, Oktoba 2023, Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, alisimama Manchester na kuwaambia watu wa Manchester kwamba reli ya mwendokasi ya kufika Manchester imefutwa, kisha serikali yake ikaahidi paundi bilioni 8.3 za fedha za reli hiyo zitengeneze barabara kwa miaka 11. Hakuna mlalahoi mwingine nchini humu aliyewahi kuishinda treni. Wenye viwanda vya lami, katika ripoti yao ya 2025, wamekadiria kwamba kumaliza kiporo cha matengenezo ya barabara za halmashauri za England na Wales kunahitaji karibu paundi bilioni 17. Kumwuliza muuza lami ni kama kumwuliza muuza sanda hali ya wagonjwa, lakini hata ukiigawa hesabu yao nusu, bado ni fedha nyingi.

Ni msanii mmoja tu ninayemkumbuka aliyepata dawa ya haraka. Mwaka 2015, katika viunga vya Manchester, alianza kuyachorea mashimo nyeti za mwanamume kwa rangi nyeupe, kubwa za kutosha kuonekana na watu wazima wote na watoto wote wa shule. Mashimo yaliyokaa miezi yakazibwa upesi. Halmashauri ilimlaumu kwa kukosa adabu.

Mimi sikuwa na rangi. Nilikuwa na fomu. Rimu ilipopinda na tairi likaisha, niliomba fidia kama raia mwema: picha nne, risiti ya fundi, ramani, na kipimo cha kina, kwa sababu katika halmashauri nyingi shimo halihesabiwi kuwa shimo mpaka lifike milimita 40. Kabla ya hapo ni lami yenye huzuni. Kwa hiyo nililala kifudifudi kando ya barabara asubuhi na rula ya mwanangu, magari yakinipigia honi. Langu lilikuwa na milimita 70. Baada ya wiki nyingi likaja jibu la kurasa mbili, lenye pole tatu. Linanukuu kifungu cha 58 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980: halmashauri ikionyesha kwamba ilikuwa na utaratibu unaofaa wa kukagua na kutengeneza, na ikaufuata, hailipi. Barabara ile ilikaguliwa miezi miwili kabla, wakaandika haina kasoro. Basi haina kasoro! Kitu kilichokula mshahara wangu wa siku tatu hakikuwepo, kwa sababu siku walipokuja kukitazama kilikuwa hakijazaliwa, na wao hawajibiki kwa watoto wa baadaye. Anayeandika barua kama hiyo anakula saa ngapi? Analala?

Nilikuwa nasifu. Samahani.

Hata karani aliyeandika barua hiyo simlaumu sana, maana kasha analokaa juu yake ni tupu, na waliolimwaga wanajulikana. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikokotoa kwamba kati ya 2010 na 2018 fedha ambazo serikali kuu inazipa halmashauri za England zilipungua kwa karibu nusu kwa thamani halisi. Septemba 2023, Birmingham, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, ilitoa ilani kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake. Ushuru wa mafuta ya magari, tangu 2011, ulikaa zaidi ya miaka kumi bila kupandishwa. Kila mwaka waziri wa fedha, awe wa chama gani, aliahirisha kuupandisha ili apigiwe makofi na wenye magari, ambao kesho yake walirudi kulalamikia mashimo. Na kodi ya halmashauri yenyewe! Ilianza 1993, baada ya kodi ya kichwa ya Margaret Thatcher kuwasha ghasia London na kusaidia kumng'oa madarakani, na kwa England bado inapanga nyumba kwa bei za Aprili 1991. Daraja la juu kabisa hulipa mara 3 tu ya daraja la chini kabisa katika halmashauri ile ile: jumba lenye bwawa la kuogelea upande huu, kachumba ka mfagiaji upande ule. Hakuna waziri aliyethubutu kufanya tathmini mpya ya nyumba zote. Matamshi hubagua watu waziwazi, kila mtu anajua na kucheka. Hii kodi hubagua kimyakimya, na haipati hata kichekesho.

Fedha kidogo inayobaki, sheria inasema lazima itunze wazee, walemavu na watoto walio hatarini. Ni haki. Lakini tazama inavyowatunza. Nina bibi mmoja, ameshapita miaka 90, ambaye amepangiwa dakika 15 asubuhi. Katika dakika hizo nimwamshe, nimsafishe, nimpe dawa, nimpikie chai, nisikilize alivyolala. Huniuliza kama barabara ilikuwa mbaya, nami husema si mbaya sana, kisha naondoka yeye akiwa katikati ya sentensi. Muda wa kuendesha kutoka kwake hadi mlango unaofuata wengi wetu hatulipwi. Mwaka 2020, kwa wiki kadhaa za korona, tulipigiwa makofi kila Alhamisi saa mbili usiku. Julai 2025 mlango wa viza ya kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ukafungwa, na baadhi ya waliopiga makofi wakapiga tena. Katika miaka yangu yote sijaona mgombea aliyechuchumaa kando ya kiti cha bibi huyu, akakielekezea kidole, akapigwa picha. Hapasui tairi la mtu.

Basi, ndugu zangu mnaoishi huku na kudhani siasa hizi si zenu: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza ana haki ya kupiga kura, ya diwani na ya mbunge, kwa sababu nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Huhitaji kuwa na uraia. Mkongo na Mrundi wana kura ya halmashauri wakiwa Scotland au Wales. Jiandikisheni mapema, na mgombea akibisha hodi na karatasi yake, mwulizeni habari za kodi ya bei za 1991 na dakika 15 kabla hajafika kwenye shimo. England wanadai kitambulisho chenye picha tangu 2023, na pasipoti ya nyumbani inakubalika kituoni.